"Nyumbani nimetulia" au "nyumbani nimetuama"? Naomba tuufasiri pamoja wimbo huu wa zamani

Mwana wa Kikwajuni (mwanzisha uzi)

Assalaamu alaykum, wakubwa kwa wadogo. Ninaomba radhi mapema kwa urefu wa maelezo yangu, lakini jambo hili limenikaa rohoni tangu mfungo mosi na nyumbani sina wa kumuuliza, kwa sababu walioujua wimbo wenyewe wametangulia mbele ya haki, na waliobaki wanasema ninajitafutia shughuli.

Marehemu mama aliacha kaseti moja isiyo na jalada, ambayo juu yake imeandikwa kwa wino wa buluu neno moja tu, "harusi". Ndani yake mna taarabu ya kundi dogo la mtaani lililokuwa likialikwa kwenye harusi za Ng'ambo, yaani mitaa ya nje ya Mji Mkongwe hapa Unguja, katika miaka ya 80, na ambalo siku hizi halipo tena. Ala zinazosikika ni udi, fidla mbili, akodioni, dumbaki na rika, na nyuma yake kuna vigelegele, watoto wanaolia na mtu mmoja anayekohoa kila baada ya muda. Wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza unaanza vizuri, mwimbaji mwanamke anatoa beti mbili, kiitikio kinapokelewa na wanawake wenzake, halafu mkanda unakwisha. Nimeziandika beti hizo kama nilivyozisikia:

Kukicha ninaamka, mambo ni yale ya jana,
Dirisha likifunguka, ukuta ule naona,
Kahawa ikichemka, na mkate ule tena,
Nyumbani nimetulia, kama maji ya mtungi.

Nikirejea kazini, njia ni ile ya juzi,
Nikikaa barazani, ni bao na simulizi,
Nikiingia chumbani, nasikia usingizi,
Nyumbani nimetulia, kama maji ya mtungi.

Neno linaloniumiza kichwa ni hilo "nimetulia". Kila kiitikio kinapofika sauti huchanganyika, na mara nasikia "nimetulia", mara nasikia "nimetuama". Sihitaji kuwaeleza wenye lugha yao kwamba tofauti hapo si ndogo. Kutulia ni sifa. Posa ikiletwa, wazee huuliza kwanza iwapo kijana ametulia, wakikusudia kwamba halali nje, hagombani na watu na ana shughuli inayojulikana. Maji yaliyotuama, kwa upande mwengine, ni yale ya dimbwi la nyuma ya nyumba baada ya masika, yanayozaa mbu na ambayo bwana afya akipita hutaka yafukiwe.

Nilipokuwa mdogo tuliucheka wimbo huu kwa sababu ya ule mstari wa usingizi, ambao mama alikuwa akiupunguzia sauti kila wageni wa heshima walipokuwapo. Sasa nina miaka 43 na siucheki tena. Ninatoka ofisini saa tisa na nusu, ninapita njia ile ile ya nyuma ya soko, nikifika ninaziweka funguo kwenye kisahani chenye ufa kilichopo juu ya kabati la vyombo, kisha ninauliza, "Leo kuna nini?", ilhali leo ni Jumanne, na Jumanne kwetu ni maharage ya nazi tangu mwaka tuliooana. Mke wangu hujibu kwa upole kana kwamba nimeuliza jambo jipya. Sina ugomvi naye, wala simwonei kinyaa chakula chake. Ila siku moja mwezi uliopita nilisimama na funguo mkononi, nikakitazama kile kisahani, na kiitikio kikanijia chenyewe, nacho kilikuja na "nimetuama".

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba mtungaji alikuwa akilalamika, na kwamba aliuvisha wimbo vazi la harusi ili lawama isionekane. Yeyote mwenye kuujua wimbo, au mwenye kuona nimepotoka, tafadhali anisahihishe.

Kijana wa Fuoni

Shikamooni. Mimi nimeusoma mara mbili na sikuliona lalamiko, au labda niseme nimeliona lalamiko la mtu ambaye ningependa kuwa yeye. Nina miaka 27, kazi zangu ni za siku mbili hapa na siku tatu pale, na posa niliyoipeleka mwaka jana ilirudi kwa maneno mazuri. Mtu huyu kila asubuhi ana kahawa, ana mkate, ana dirisha, ana kazi ya kurejea kutoka, ana baraza ya kukaa na ana chumba cha kuingia. Iwapo huko ndiko kutuama, basi naomba dua zenu na mimi nituame. Samahani kaka yangu wa Kikwajuni, sikusudii kukukosea adabu.

Msomaji wa Wete

Waalaykumu salaam. Nilikuwa nikisomesha Kiswahili skuli kabla ya kustaafu, kwa hivyo mtanisamehe nikianza na kanuni. Mizani haitusaidii kuamua, kwa sababu "nimetulia" na "nimetuama" yote mawili yana mizani mitano, na kipande kinabaki na mizani minane kwa vyovyote. Vina navyo havitusaidii, kwa kuwa kiitikio kimesimama peke yake bila ya kufungamana na vina vya ubeti. Laiti neno hilo lingekuwa katika mistari mitatu ya juu, kina cha kati kingelisema na uzi huu ungelikwisha jana.

Lakini lipo jambo la sarufi ambalo naona limempita mwanzisha uzi. Hebu tazameni vitenzi. "Likifunguka", "ikichemka", "nikirejea", "nikikaa", "nikiingia": vyote vina ile -ki- ambayo haitaji siku wala tarehe, na vilivyobaki ni vya -na- au -a- ya wakati usio na mpaka. Katika beti hizo mbili hamna -li- hata moja, wala hamna -ta-. Mtu huyu hana jana aliyoitenda jambo wala kesho anayoitarajia. Hata neno "jana" lenyewe limetumika kuielezea leo. Kitenzi pekee kinachoonesha kwamba kuna jambo lililowahi kutokea katika maisha yake ni hicho hicho tunachogombania, chenye -me-. Yaani tukio lake ni moja tu, nalo ni kutulia, au kutuama. Fundi aliyepanga hivyo hakubahatisha, na kwa sababu hiyo siamini kwamba neno lenyewe lilichaguliwa kwa kujaza mizani.

Pili, tukumbuke mahali ulipoimbiwa. Katika taarabu yetu mtungaji ni mtu mmoja, mwimbaji ni mwengine, na anayeukamilisha wimbo ni yule msikilizaji anayenyanyuka na noti yake kwenda kutunza pale maneno yanapomgusa yeye au yanapomgusa hasimu wake. Maneno yale yale yanaweza kuwa pongezi yakitunzwa na mama wa bibi harusi, na yakawa kijembe yakitunzwa na mke mwenza. Ningependa sana kujua ni nani aliyekuwa akitunza wimbo huu, na katika ubeti upi. Bila ya hilo tunausoma nusu.

Mama Mwani wa Paje

Mimi si mtu wa mashairi, lakini neno "yale yale" nina la kulisema. Kilimo cha mwani kilianza huku kwetu mwaka 1989, na mimi nimo tangu nilipokuwa msichana. Ukinitazama kwa mbali utasema hakuna kazi ya kuchosha kuliko hii: unafunga mbegu kwenye kamba, unaifunga kamba kwenye vigingi, unasubiri wiki sita hivi, unavuna, unaanika, unafunga tena. Lakini sisi hatwendi kwa saa ya ukutani. Tunakwenda na bamvua, yaani siku za maji makubwa ya kupwa na kujaa, ambalo huja mara mbili kwa mwezi, na hata ndani ya bamvua maji huchelewa kila siku kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Kwa hivyo sijawahi hata mara moja kuingia kazini saa ile ile siku mbili zinazofuatana. Leo nimetoka na chai, keshokutwa nitatoka jua limeshapanda, na wiki ya maji mafu, yasiyokupwa sana, sitoki kabisa.

Ninachotaka kusema ni kwamba anayechoka na yale yale mara nyingi ni yule aliyepangiwa saa na mtu mwengine. Jengine ni kuhusu mtungi. Aliyewahi kuteka maji kisimani na kuyabeba kichwani hawezi kuyatukana maji ya mtungi kwa kuwa yamekaa kimya. Yamekaa kwa sababu mimi nimeshakwenda na kurudi.

Mwana wa Kikwajuni

Nimewasoma nyote na nashukuru. Kijana wa Fuoni hujanikosea; umenitia haya kidogo, na pengine nilistahiki. Hoja ya Maalim wa Wete kuhusu -me- sikuwahi kuifikiri, na tangu jana kila nikiisikia kaseti sisikii kitu chengine.

Hata hivyo sijaachia. Mtungaji alikuwa na bahari mbele yake, pande zote nne, na angeweza kusema ametulia kama ghuba au kama pwani ya maji mafu. Kwa nini akachagua mtungi? Maji ya mtungi hayana kupwa wala kujaa. Yamefungiwa kwenye udongo, juu yake kuna kifuniko, na juu ya kifuniko kuna kata ya kuchotea. Mimi hapo naona kifungo, ingawa ni kifungo chenye baridi nzuri.

Mwalimu wa fizikia, Mkoani

Ndugu yangu, hapo ndipo unapopotea, na kosa si la ushairi bali ni la kutoishi na mtungi. Mtungi hauyafungi maji. Udongo uliofinyangwa na kuchomwa bila ya kupakwa kitu una vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, na maji hupenya humo taratibu mpaka yakafika upande wa nje. Pale nje upepo huyavukiza, na kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto lililolichukua kutoka kwenye mtungi na maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana maji ya mtungi ni baridi na ya dramu la plastiki ni ya vuguvugu, hata vikiwekwa upenu mmoja. Dramu halitoi jasho.

Bibi yangu aliuweka wake kwenye upenu wa kusini, mahali penye upepo, umekalia mchanga, na mchanga ule ulikuwa mbichi mwaka mzima. Kuku waliujua, ikifika adhuhuri walichimba vishimo kuuzunguka wakalala wamekunjua mbawa. Kila baada ya siku chache bibi aliufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kuujaza upya. Ukiujaza usiku na asiguse mtu, asubuhi utakuta maji yamepungua kidogo. Na mtungi uliozeeka, ambao vitundu vyake vimezibwa na chumvi ya maji ya kisima, huacha kutoa jasho na maji yake huwa ya moto kama ya ndoo. Bibi alikuwa akisema umekufa, ingawa haukuwa na ufa hata mmoja.

Kwa hiyo kisayansi maji ya mtungi hayakutulia wala hayakutuama. Yanatoka, tena mfululizo, na baridi yake ndiyo malipo ya huko kutoka. Sijui kama mtungaji wenu aliyafikiri haya, lakini mtu wa zama zile aliyeona mchanga mbichi kila siku hakuhitaji kufundishwa na mimi.

Msomaji wa Wete

Maalim wa Mkoani, umenifurahisha. Naongeza dogo tu: kwa wasikilizaji wa taarabu ya Unguja, chombo cha udongo si pambo la kuokota. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kwenye watu wa ufinyanzi, na kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa akitembeza vyungu hadi mjini akivinadi kwa sauti. Sauti iliyonadi vyungu ndiyo iliyokwenda kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Mtungaji akiutaja mtungi katika wimbo wa taarabu, wazee waliokaa mbele walikuwa na mengi ya kukumbuka.

Swali langu la nani alikuwa akitunza bado halijajibiwa.

Mjukuu wa Bi Mkubwa, Miembeni

Assalaamu alaykum. Naandika kwa niaba ya bibi yangu, ambaye amesomewa uzi huu wote jana baada ya isha na leo asubuhi akataka asomewe tena. Anasema alikuwa mmoja wa waitikiaji wa kundi hilo. Yanayofuata ni maneno yake, mimi nimeyapanga tu.

Mtungaji alikuwa baharia wa jahazi lililokuwa likibeba mizigo baina ya Unguja, Pemba na Tanga. Alipooa aliendelea kusafiri kwa misimu miwili, kisha akaacha bahari, akawa muuza kahawa karibu na kwao. Mabaharia wenzake walimsumbua sana. Kila jahazi lilipofunga walikuja kunywa kahawa yake na kumuuliza iwapo mawimbi ya birika ni makubwa. Wimbo aliutunga wakati huo, na una beti tatu, si mbili. Ubeti wa tatu bibi anaukumbuka wote:

Wanicheka walimwengu, wasema nimefifia,
Bahari si njia yangu, nanga nimeshaitia,
Na anywaye ni mwenzangu, kiu ikimzidia,
Nyumbani nimetulia, kama maji ya mtungi.

Kuhusu neno mnalogombania, bibi amecheka mpaka akaomba maji. Anasema daftari la mtungaji liliandikwa "nimetulia", na mwimbaji aliimba "nimetulia". Waitikiaji walikuwa wanawake sita, wote bado wabichi kwenye ndoa zao, na siku moja mazoezini mmoja wao akaingiza "nimetuama" kwa utani, akimtazama shoga yake ambaye mumewe alikuwa hatoki ndani. Tangu siku hiyo kila mtu aliimba alilolitaka, na wakati mwengine mtu yule yule aliimba moja ubeti wa kwanza na jengine ubeti wa pili, kutegemea siku hiyo alivyoamka na nyumbani kwake. Mtungaji aliwasikia. Alichokitaka ni waingie kwa wakati wasiikimbie dumbaki, basi.

Na kuhusu kutunza, aliyekuwa akinyanyuka ubeti wa tatu, kila harusi, alikuwa mke wa mtungaji mwenyewe. Alikuja polepole na noti ya shilingi ishirini, akaizungusha juu ya kichwa cha mwimbaji, akaitia kwenye sahani, akarudi kukaa. Bibi alikuwa ndiye mshika sahani kwa muda, na anaapa kwamba noti yenyewe ilikuwa ile ile moja, imekatika pembe, ambayo usiku ikirudi nyumbani na mume na harusi ijayo ikija na mke.

Msomaji wa Wete

Subhanallah. Basi -me- zipo tatu katika ubeti ule: ya kufifia ambayo ni maneno ya watu, ya nanga ambayo ni yake mwenyewe, na ya kiitikio. Na mtu wa pili kaingia katika wimbo kwa mara ya kwanza, ameshika kata. Nafuta nusu ya niliyoyasema, ila ya vitenzi nabaki nayo.

Kijana wa Fuoni

Mwambie bibi shikamoo yake. Na mimi naomba kujua yeye aliimba lipi katika kaseti hii.

Mjukuu wa Bi Mkubwa, Miembeni

Marhaba, anasema. Nimemuuliza. Anasema harusi iliyorekodiwa na mama yake ndugu wa Kikwajuni, kama ndiyo anayoifikiria, ilikuwa mwezi wa nne tangu yeye aolewe, na mama mkwe wake alikuwa amekaa safu ya pili. Akiimba "nimetuama" siku ile, anasema, asingelirudi nyumbani salama. Kisha akanyamaza kidogo, akasema aliimba.

Mwana wa Kikwajuni

Mwenyezi Mungu amzidishie bibi umri na afya. Jana usiku nimeirudia kaseti kwa hedifoni, sauti chini kabisa, na sasa maneno yote mawili yanasikika wazi, moja juu ya jengine, kama watu wawili wanaopita mlango mmoja. Nashangaa niliwezaje kusikia moja tu kwa miaka yote hii. Nimesikia hata sauti moja nyembamba iliyochelewa kidogo upande wa kushoto, ikisema "nimetuama" kwa ukali kuliko zote, na ninajiambia kwamba hiyo ndiyo ya Bi Mkubwa wa Miembeni, ingawa sina ushahidi.

Leo niliporudi nilimpa mke wangu hedifoni ile kabla sijaziweka funguo, nikamwomba aniambie yeye anasikia neno gani. Alisikiliza wimbo wote amesimama, mkono mmoja umeshika upawa, akaurudisha mwanzo akausikiliza tena. Akasema mpiga rika amekosea mara mbili, na kwamba maharage yanapoa.

Uzi nauacha wazi kwa yeyote atakayekuwa na upande wa pili wa kaseti.